Kumfundisha Kapita Kunyamaza

9 Novemba

Daftari hili ni la sungura, si langu. Yule mama wa kwenye video, Mfaransa mwenye nywele fupi, anasema anayetaka kumfundisha mnyama kwa njia ya zawadi aandike kila siku mnyama amefanya nini na amepewa nini. Basi mimi Geneviève, mshonaji wa sare za shule hapa Kampemba, mke wa Kambale, naandika.

Sungura mwenyewe ni wa binti yangu Abigaël. Tumepewa na mama Mwansa wa ng'ambo ya barabara, ambaye huwafuga wa kuuza Pasaka. Ni dume la kijivu, sikio moja limekunjika. Anatembea uani kifua mbele, anakagua ndoo moja moja, ndiyo maana tumemwita Kapita, kama msimamizi wa wafanyakazi. Kambale amecheka. Amesema kwao Lubero nyama haipewi jina.

12 Novemba

Somo la kwanza. Mnyama akifanya unachotaka, unabonyeza kalamu ya biki, tak, na papo hapo unampa kipande cha karoti. Akikosea hupigi wala hukaripii, unatazama pembeni kana kwamba hujaona. Nimemwambia Kambale kwamba walimu wangu wa shule ya msingi wangeijua njia hii, leo ningekuwa daktari. Akasema leo ningekuwa mnene.

15 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kapita anakuja akiitwa, ila si kila mara.

22 Novemba

Anakuja, anazunguka, anaingia kikapuni mwenyewe. Israël, kitinda mimba wangu, naye akisikia tak anafungua mdomo. Nampa karoti, nifanyeje.

Leo jirani mpya amekuja kujitambulisha. Ni ba Casimir, ametoka Kolwezi, amekodi lupango, yaani kiwanja na ua wake, iliyopakana na yetu upande wa chumba cha mama mkwe wangu. Ameinua ukuta, juu ya ukuta mabati, nyuma ya mabati maturubai ya bluu. Anasema anafungua karakana ya kuchomelea milango ya chuma na hataki mvua imharibie kazi. Mtu mpole, anaongea akitazama viatu vyake. Alikuwa amesikia habari za sungura wetu kwa watoto wa mtaani, akaleta fungu la karoti na majani yake. Nimempenda mara moja.

28 Novemba

Kapita hupenda kulala kwenye korido, mbele ya mlango wa Mama Olive, pale saruji ina baridi. Leo aliamka ghafla, masikio wima, akapiga sakafu kwa miguu ya nyuma. Du. Akatulia, akapiga tena. Sikujua mnyama mdogo hivyo ana kishindo kama kile. Nilitazama kila pembe: hakuna paka, hakuna mbwa, hakuna mgeni. Nimerudi kwenye video. Mama wa nywele fupi anasema sungura hufanya hivyo kuwaonya wenzake walio shimoni kwamba hatari inakuja. Shimo gani tena, sisi tuna saruji.

Tatizo ni Mama Olive, mama mkwe wangu. Alitufikia mwezi wa sita akiikimbia vita, na nyumba yake ya Lubero hajui kama bado ina paa. Kambale anasema kwao mchi wake haukulala hata siku moja, akitwanga sombe, majani ya muhogo; hapa hajaugusa. Kapita alipopiga, alitoka chumbani amekwisha kuvaa viatu, kifurushi chake cha kitenge kifuani, akauliza tunapitia njia gani. Ilinichukua muda mrefu kumkalisha chini. Hata chai hakumaliza.

2 Desemba

Amepiga tena, jana na leo, mahali palepale. Mama Olive sasa analala na viatu. Kambale amekuja jikoni, amefunga mlango nyuma yake.

"Mama Abi," akasema, "umemufundisha kuzunguka, umemufundisha kuingia mu kikapu. Mufundishe na kunyamaza. Mama yangu anakufa na woga."

Ana haki. Nimeanza leo hii. Nakaa naye koridoni na kisahani cha karoti mapajani. Akituliza miguu kidogo tu, tak. Kisha nasubiri zaidi kabla ya kubonyeza, na zaidi tena. Akipiga, mimi natazama dari. Kapita hapendi kabisa nikitazama dari.

8 Desemba

Depo ya Kambale, duka lake la mjini, imebaki na ndoo za plastiki na vibanio vya nguo. Ndugu zake wa Butembo ndio waliokuwa wanamtumia mali, na njia zao vita imezifunga. Sasa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Anachouza huko sikijui.

10 Desemba

Amerudi amekwisha kuoga, nywele bado zina maji. Depo gani ina bafu?

14 Desemba

Mvua. Hasira. Nimeshona kola kinyume.

19 Desemba

Kapita ameshinda siku nzima bila kupiga hata mara moja. Ninajisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Mama Olive amevua viatu na kulala mchana, na nilipopita mlangoni nikasikia anakoroma, nikataka kulia kwa furaha.

Nimekosea, mtu wa kunisifu yuko. Ba Casimir amesimama langoni jioni na mfuko mzima wa karoti. Aliuliza nimefanyaje, mnyama wa porini asahau woga wake. Nikamweleza habari ya biki na zawadi, na kwamba ukitaka kiumbe anyamaze, usimtishe, mlipe anaponyamaza. Alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza juu ya sungura. Alisema ni akili kubwa, hiyo.

25 Desemba

Noeli. Kuku, bukari (ndio ugali wetu), soda za watoto. Kambale ameimba kanisani kwa sauti yake yote, na mimi nilimtazama shingo nikitafuta alama ya rangi ya midomo. Sikuona kitu. Ukutani, juu ya kitanda cha Mama Olive, kuna ufa mwembamba kama uzi.

4 Januari

Mlango wa korido haufungi tena. Kambale ameupiga randa, amesema mbao zimevimba kwa mvua. Mbao za mlango huo ni kavu, nimezishika.

Jambo moja la Kapita niliandike. Leo alikuwa amelala palepale, akainuka, masikio wima, macho yametoka. Mguu wa nyuma ukanyanyuka. Akauacha hewani. Halafu akaushusha polepole, akageuka, akanitazama mkononi. Nilimpa karoti yake, kwa kuwa ndivyo tulivyopatana.

11 Januari

Dimbwi la uani limekauka. Kila mwaka masika yakikolea tunapita hapo juu ya matofali, na sasa mvua inanyesha na maji yanapotea. Nimemwambia Kambale tumebahatika. Amevaa viatu, ametoka.

18 Januari

Leo nimemfuata. Nilimwachia watoto Mama Olive, nikafunga kitambaa kichwani chini hadi machoni, nikatoka nyuma ya mume wangu kama mwizi. Sikuhitaji hata nauli. Aligeuka kona, akazunguka nyumba za nyuma, akaingia kwa ba Casimir.

Nilisimama kwenye matope nikicheka peke yangu kwa uchungu. Nilifikiri kuna mwanamke mle. Nikagonga, nikafunguliwa na kijana aliyejaa udongo hadi kope, nikampita kabla hajasema kitu. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na milango ya chuma pia, wala mtungi wa kuchomelea. Chini ya maturubai kulikuwa na shimo la mviringo, kamba, ndoo, na magunia yaliyopangwa vizuri. Mume wangu alikuwa amevua shati na kusimama ukingoni, taa kwenye paji la uso.

Tulizungumza nyumbani, tumefunga mlango. Kambale ameniambia yote, na alivyosema alionekana kama mtu anayetua mzigo. Ba Casimir alipima hapa akakuta jiwe, kobalti. Kolwezi wapo watu waliochimba ndani ya vyumba vyao, kitanda huku, shimo kule. Kambale alitia alichobakiza, na kisichotosha analipa kwa mikono yake.

"Inapita chini yetu?" nikauliza.

"Inapita kando. Tulisikilizana, haitaingia chini ya nyumba."

"Sasa Kapita alikuwa anasikia nini?"

Alitazama sakafu.

"Ulijua," nikamwambia. "Ile siku uliniambia nimunyamazishe, ulijua."

"Mama alikuwa anateseka," akasema. Na hilo ni kweli, ndiyo maana nashindwa kumchukia vizuri.

Ameniomba mambo mawili. Nivumilie hadi mali ya Butembo ianze kupita tena, na mama yake asijue, kwa sababu akijua amelala juu ya shimo atafunga kifurushi na hatalala tena hadi kufa kwake. Nimekubali. Nimeandika neno hilo na kulitazama: nimekubali.

21 Januari

Kambale ameniletea vitenge, vile vya bei, vya maua makubwa. Amevitandaza kitandani, akanitazama usoni kuona kama nimefurahi. Hapo nikajiona. Nimenyamaza, nimepewa. Nimeona haya, na nimekata blauzi hivyo hivyo.

26 Januari

Siwezi kumuuliza Kambale shimo limefika wapi, maana atanijibu kwa upole na nitamwamini. Nitamuuliza Kapita. Mpango wangu ni huu: sasa akipiga mguu ndipo apate karoti. Nitaweka mkeka wake chumba hadi chumba. Atakapopiga, nitajua.

Siku ya kwanza hakupiga popote. Aliinua mguu, akaushusha, akanitazama. Nimemfundisha vizuri mno, mjinga mimi.

30 Januari

Amepiga. Chumbani kwa Mama Olive alipokuwa kanisani. Tak, karoti, na ndizi juu yake. Nimechora alama ya chaki chini ya kitanda.

Habari za mashariki ni mbaya. Mama Olive amekaa karibu na redio, hata kula hataki.

3 Februari

Amepiga jikoni. Amepiga sebuleni. Nimezunguka na chaki nyumba nzima. Kisha nimemweka juu ya kitanda changu, juu ya godoro, na hapo pia akapiga, akageuka, akanyoosha shingo kwenye kisahani.

 Anapiga kwa ajili ya karoti. Alikuwa na neno moja tu la kutuambia. Kwanza nilimlipa alimeze, kisha nikamlipa aliseme ovyo. Sasa hata akisema kweli sitajua. Nimefuta chaki zote kwa kitambaa chenye maji.

Mama Olive yeye ameyazoea mapigo hayo. Anasema kalulu wetu anaomba chakula, na haogopi tena.

9 Februari

Ufa wa juu ya kitanda unaingiza ncha ya mkasi wangu. Mvua usiku na mchana, na pampu ya ba Casimir inanguruma saa zote kwa sababu shimo linajaa maji. Karoti zake nazitupa sasa. Nazinunua mwenyewe sokoni.

Nimemwambia Kambale nawapeleka watoto na mama yake Lukafu, kwa dada yangu Christiane, anayelima huko. Alikubali upesi, na jinsi alivyokubali upesi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Aliyekataa ni Mama Olive. Nilimdanganya kwamba ni kupumzika tu, kubadilisha hewa.

"Nilishakimbia nyumba moja," akasema. "Hii ya mutoto wangu siikimbie."

Kambale anasema tumsihi taratibu, hadi mwisho wa mwezi. Wamekaribia jiwe zuri, anasema. Alinishika mkono aliposema hivyo, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama kisigino. Nilimhurumia. Naandika hili ili siku moja nisiseme kwamba sikumpenda.

13 Februari

Mvua.

19 Februari

Naandika kwa mama Mwansa, kwenye meza yake. Ni mambo ya juzi, Jumatatu.

Abigaël hakwenda shule kwa kuwa barabara ilikuwa mto. Alikuwa anacheza na Israël chumbani kwao, Kapita katikati yao. Kambale alikuwa ametoka alfajiri kama kawaida. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikasikia du, na mkono wangu ukaenda kwenye biki wenyewe, kwa mazoea. Nikaenda, tak, nikampa karoti. Hakuitazama. Akapiga tena, na tena, haraka. Nikachukua ndizi, ambayo Kapita angemuuza mama yake kwa ajili yake, nikaiweka mbele ya pua. Aliikanyaga. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na macho yake hayakuwa kwangu.

Nilimbeba Israël, nikamvuta Abigaël naye akamkumbatia sungura wake, tukatoka kwenye mvua bila viatu. Niliwaacha kwa mama Mwansa. Niliporudi, Mama Olive alikuwa amekaa kitandani, amekunja mikono.

"Tutoke, mama."

"Nilishakuambia."

Sikuwa na uongo mwingine. Nikamwambia kwamba Kambale yuko chini. Akauliza chini wapi. Nikamwambia chini yetu, anachimba jiwe na ba Casimir, tangu mwezi wa kumi na mbili. Hakulia. Aliinama akatazama saruji kati ya miguu yake, kama mtu anayetazama mtoto kwenye beseni.

Nilikimbia kwa ba Casimir. Lango lilikuwa limefungwa kwa ndani na pampu inanguruma. Niligonga kwa jiwe hadi bati likabonyea. Niliita majina yao yote. Simu ya Kambale haikupatikana, ingepatikanaje. Nikarudi.

Mama Olive alikuwa ameingia jikoni na kuchukua mchi. Alikuwa amesogeza kitanda, amesimama katikati ya chumba chake, anaitwanga sakafu kwa mikono miwili na kumwita mwanawe kwa jina. Nilielewa: akitusikia, atapanda. Nikaushika mchi pamoja naye, tukatwanga. Hapo ndipo nilipoisikia sakafu yetu kwa mara ya kwanza: ilikuwa tupu chini. Tulitwanga kwa nguvu zote, tukawa tunasimama kusikiliza, tukasikia pampu tu, tukatwanga tena. Alipochoka nilitwanga mimi. Nilipochoka alininyang'anya.

Mama Mwansa ndiye aliyetutoa. Alikuja na wanaume wawili wa mtaani, wakambeba Mama Olive na mchi wake kwa kuwa hakuuachia. Tulikuwa langoni kwetu chumba cha Mama Olive kilipoondoka. Hakikuanguka upande wowote. Kilishuka, na mabati yakakunjika na kukifuata. Pampu iliendelea kidogo, halafu ikanyamaza.

20 Februari

Wamemtoa Kambale leo, na vijana wawili pamoja naye. Ba Casimir alikuwa mdomoni mwa shimo wakati ule, penye kamba ya kupandia, wamemtoa hai, miguu imevunjika.

25 Februari

Tumezika. Nilivaa ile blauzi ya maua makubwa kwa sababu ndiyo niliyotoka nayo mwilini siku ile, sina nguo nyingine.

1 Machi

 Leo asubuhi Mama Olive amesema anataka kwenda kumwona ba Casimir hospitalini. Nilikataa. Sikutaka kumwona yule mtu, nilitamani nisikie amekufa. Akasema ataenda kwa miguu, akaanza kweli kwenda, nikamfuata.

Ba Casimir alikuwa kitanda cha dirishani. Alituona, akageuza uso ukutani.  Mama Olive alivuta kigoda, akakaa, akamuuliza kitu kimoja tu, kama huko chini walitusikia.

 

"Tulisikia, mama," akasema akiwa bado anatazama ukuta. "Tulisikia muzuri sana. Kambale aliweka nyundo chini, akasikiliza, akacheka. Akasema: munasikia? Ni mama yangu. Tangu atoke Lubero hajashikaka muchi. Sasa amepona, anatwanga. Akasema leo tutakula sombe."

Mama Olive akauliza kama baada ya hapo alipanda.

"Hapana, mama. Alirudilia kazi. Alikuwa anaimba."